Nyusi za Kikorea, Mdomo wa Kichina

Mwaka ule mdogo wangu alipoposwa, nyumba yetu ya Aija, mtaa wa Sur huko Omani, iligawanyika kambi mbili: Wakorea na Wachina. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga Korea. China alikuwa amefika kaka peke yake, tena aliishia Guangzhou kununua vigae na mabomba ya bafuni. Hayo hayakutuzuia kitu. Tulibishana kwa sauti za juu, tukakatizana maneno, tukanuniana mpaka wakati wa chai, kisha tukaanza upya. Mimi nilikuwa mkuu wa kambi ya Wakorea. Bibi yetu mzaa mama, aliyezaliwa Unguja mjini na kuhamia Sur akiwa mtu mzima, alikuwa Mchina wa kufa na kupona.

Tulikuwa wanne tu: bibi, kaka, mdogo wangu na mimi. Wazee wetu walikuwa wameshatangulia mbele ya haki na bibi ndiye aliyetulea. Mimi nilikuwa nikisomesha skuli ya wasichana Nizwa, nikirudi nyumbani Jumatano jioni, maana siku zile mapumziko yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Safari nzima, kupita njia ya Samad mpaka Ibra na kushuka hadi Sur, nilikuwa nikipanga maneno ya kumkomoa bibi.

Lililoleta yote ni dishi. Stesheni za Kiarabu zilikuwa zimeanza kuonyesha tamthilia za Korea zilizotiwa sauti za Kiarabu cha vitabuni. Walimu tuliopanga nyumba pamoja Nizwa tulikuwa tukirudi skuli, tukila, tukisali, halafu hakuna anayejibu simu. Wenzangu walikuwa wakifuata kisa, nani anampenda nani na mama wa nani ana roho mbaya. Mie kisa kilikuwa hakinihusu. Nilikuwa nikitazama nyuso.

Na nyuso zenyewe, jamani! Mara ya kwanza nilidhani yule mwanamke wa Kikorea hakujipaka kitu. Kumbe kajipaka, tena kwa saa nzima, ila ufundi wote umekwenda katika kuficha kuwa kajipaka. Nyusi zake hazikuchongwa upinde. Zimelala moja kwa moja juu ya macho, nene kidogo, kama za msichana wa darasa la sita ambaye bado hajaambiwa kuwa ana nyusi. Wanja ni mwembamba na mkia wake umeshushwa badala ya kupandishwa, basi macho yanakuwa ya upole, ya mtu wa kuonewa huruma. Mdomo una rangi ya mtu aliyekula fursadi kisha akajifuta. Na ngozi ndiyo iliyoniua kabisa. Ilikuwa iking'aa kwa umajimaji wala si kwa unga, kama uso uliotoka kutawadha sasa hivi ukakosa taulo. Sisi huku saluni zote zilikuwa zikituchapa poda mpaka tukawa hatuwezi kucheka bila kupasuka mashavu, na kule kuna watu wanahangaika uso uonekane una maji! Nilisimama mbele ya televisheni nikapiga makofi peke yangu.

Bibi alipata Wachina wake kwa njia nyingine. Kaka alirudi Guangzhou na mfuko wa diski za tamthilia ya kasri, wake wa mfalme wamejaa nyumba moja wanatiliana sumu kwenye chai, na maandishi ya Kiarabu chini yanakwenda kombo. Akaleta na kalenda kubwa, kila mwezi na mwanamke wake. Bibi akaitundika chumbani. Mwezi wa tatu ulikaa ukutani mpaka Ramadhani ikatukuta, kwa sababu alikuwa amempenda yule wa mwezi wa tatu, na akitaka kusali anaigeuza kalenda iangalie ukuta.

Wale wanawake walikuwa wazuri, siwezi kusema uongo. Nyusi zao nyembamba, zimepinda kwa hesabu, zinaanza na kuishia pale pale zinapotakiwa. Poda yao ni laini isiyong'aa hata chembe, uso umetulia kama ndani ya kikombe cha kauri. Wanja umepandishwa pembeni, na jicho linamtazama mtu kutoka juu hata kama mwenye jicho amekaa chini. Mdomo ni mdogo, mwekundu, umechorwa mipaka yake sawasawa. Mkorea anataka umwone kama kwamba umemkuta asubuhi hajajitayarisha. Mchina wa kalenda ya bibi anataka ujue kuwa amejitayarisha, na wewe ndiye uliyechelewa.

"Huyu ndio mwanamke kajipamba," bibi akasema, kidole kwenye mwezi wa tatu. "Huyo wako wa Korea kaamka kasahau kunawa."

"Bibi! Kanawa, ndo maana anang'aa!"

"Basi na ajifute."

Kaka ndiye aliyeongeza kuni. Akatwambia kuwa mkalimani wake wa kule alimweleza kwamba watu wa kwao husifu uso wenye umbo la mbegu ya tikiti, mpana juu na kidevu kimechongoka. Bibi hakungoja amalize. Akaenda jikoni, akarudi na mbegu ya tikiti mkononi, akavaa miwani, akatuita mmoja mmoja tukae mbele yake. Mbegu anaiweka karibu na jicho lake, anafumba jicho la pili, anatupima. Mdogo wangu alipita bila taabu. Mie nilipofika, bibi alitazama mbegu, akanitazama mimi, akatazama tena mbegu.

"Wewe boga," akasema.

Nilimnunia mpaka magharibi.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa likiniudhi katika kambi zote mbili, hata yangu. Wote wawili walikuwa wakitaka weupe! Nilitafuta katika tamthilia zangu mwanamke mmoja tu mwenye rangi anayesifiwa uzuri, sikumpata. Nikatafuta katika kalenda ya bibi mwezi kwa mwezi, sikumpata. Tofauti yao ilikuwa namna ya weupe tu, wa Mkorea umelowa na wa Mchina umekauka. Na kwenye maduka ya Sur kulikuwa na mikebe ya krimu iliyochorwa nyuso za namna hiyo, watu wananunua. Mimi ni maji ya kunde, siko huku wala huko. Mdogo wangu amemchukua bibi, mweusi wa kukoza, mweusi anayemeremeta, na shingo yake ina pingili zile ambazo zamani Unguja watu walikuwa wakizitungia nyimbo. Bibi alikuwa hachoki kutukumbusha. "Kwa nyusi wametupita," alikuwa akisema, "lakini katika kalenda nzima hii hamna hata mmoja mwenye mwanya. Mjukuu wangu anao."

Mjukuu mwenyewe alikuwa akicheka na sisi, lakini hakuwa kambi yoyote. Kwake yeye jambo hili halikuwa mchezo, na sababu ni mlango.

Ilikuwa hivi. Akdi ilifungwa Ibra, kwao bwana harusi, na baada ya akdi wanawake wakafanya karamu ya milka. Saluni ya kule ndiyo iliyompamba mdogo wangu. Walimpaka tabaka juu ya tabaka mpaka akawa mweupe kuliko gauni, wakamfuta nyusi wakamchorea nyingine juu kidogo ya zile za Mungu, wakamvisha macho ya kijivu ya plastiki. Nilipoingia ukumbini nikamtazama bibi harusi amekaa kwenye kosha, lile jukwaa la maua la kukalia, nikamjua kwa viatu, kwa sababu nilimnunulia mie. Watu walisifu. Ma sha Allah, kama mwanasesere! Mamkwe wake alifurahi mpaka akalia. Mwanamke huyo alikulia Tabora, mchangamfu, mwenye mkono mkunjufu na sauti ya kufika jirani wa tatu, na mimi nilimpenda tangu siku ya kwanza.

Haikupita wiki mbili, Ijumaa moja asubuhi, akaja Sur bila taarifa, na halwa na samli na nini. Mdogo wangu ndiye aliyekwenda kufungua, amevaa dira la nyumbani, uso mkavu, ametoka kukata vitunguu. Mimi nilikuwa ukumbini, nilisikia kila neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Mko wazima humu? Hebu niitie bibi harusi."

Nikasikia ndara za mdogo wangu zinarudi taratibu. Akapita mbele yangu, akaingia jikoni, akashika kisu chake. "Dada," akasema, "mama mkwe anamtaka bibi harusi." Akaendelea kukata.

Nilitoka mimi nikampokea mgeni, nikamwita mdogo wangu, tukakaa. Mamkwe alipofahamu alijipiga paji la uso, akacheka, akamkumbatia. "Hee, mwanangu, sikukujua! Mekapu ile ilikupendeza sana!" Alidhani anaponya, na kumbe anatia pilipili. Alipoondoka, mdogo wangu akakusanya vikombe vya kahawa, akasimama navyo katikati ya chumba.

"Mume wangu kaniona mara moja tu, siku ya kuposa, robo saa, na shemeji wote wamekaa," akasema. "Mama yake kampenda mtu ambaye hayupo. Siku ya harusi nataka wanijue. Nikikaa pale wakinipenda, wanipende mie. Wasiponipenda, afadhali nijue mapema." Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sijasikia mtu mwingine akiliuliza. "Nambieni nyie mnaojua. Mkorea na Mchina, nani akishapambwa anabaki na uso wake?"

"Mkorea!" nikaruka.

"Mchina!" bibi akajibu kutoka kwenye mkeka wake.

Basi tukasema na ijaribiwe. Alhamisi iliyofuata nilimkalisha mdogo wangu kwenye kiti cha jikoni, karibu na dirisha, nikampiga mstari wa penseli kuanzia paji la uso, juu ya pua, hadi kidevuni. Upande wa kulia Korea, upande wa kushoto China. Vitu nilikuwa navyo tele. Kaka alikuwa ameleta sanduku zima kutoka Guangzhou, na mimi nilikuwa nimekusanya vyangu Maskati. Nilifanya kazi ile kwa furaha, wallahi, sijui kama daktari wa upasuaji anafurahi vile. Kulia nikakoza nyusi, nikashusha mkia wa wanja, nikatia mafuta juu ya shavu ling'ae. Kushoto nikafunika nyusi yote kwa rangi, nikachora ya Kichina yenye upinde, nikapandisha wanja, nikapiga poda kavu. Mdomo nao nusu kwa nusu, huku fursadi, huku wekundu wa kuchorwa. Bibi alikuwa amesimama na kalenda kama mwalimu mkuu, ananikosoa: "Pandisha. Pandisha tena. Hapo umeshusha."

Tatizo lilikuwa ile rangi ya msingi. Zote zilikuwa nyeupe. Za kwangu nyeupe ya waridi, za kaka nyeupe ya manjano, na hapakuwa na nyingine. Nilisema haidhuru, tunatazama umbo. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua chache kumwangalia, na wakati huo huo kaka akaingia na mfuko wa mikate.

"A'udhu billahi!" akasema, akatoka kinyumenyume na mikate yake.

Tulicheka mpaka bibi akashika ukuta. Na kweli mtoto alikuwa wa kutisha. Pande zote mbili zilikuwa majivu, majivu ya waridi na majivu ya manjano, na chini yake shingo nzuri nyeusi ya mtu mwingine. Mdogo wangu akaomba kioo. Akaziba upande wa kulia kwa kiganja, akajitazama. Akaziba wa kushoto, akajitazama. Hakucheka.

"Dada, mbona mimi simo?"

Nilimuosha mwenyewe, na nilikuwa na hasira ya kuvunja vitu. Sikujua ni hasira ya nani. Nilipotulia nikatia diski ya bibi nikaisimamisha picha, na tamthilia yangu ilipoanza alasiri nikasogeza kiti mpaka pua inagusa kioo. Sasa nilikuwa nikitazama kwa ukali, sitazami kwa kupenda tena. Na nikaona! Nikapiga kelele bibi akadhani nimeungua. Shingo! Shingo ya Mkorea na uso wake ni rangi moja. Shingo ya Mchina na uso wake ni rangi moja. Hawa watu wameanzia kwenye ngozi yao wenyewe, wakaiongeza kidogo tu kwa kule wanakopenda wao, mmoja kwa maji na mmoja kwa unga. Sisi tumenunua mwisho wa kazi yao tukaubandika juu ya mwanzo wetu. Ndo maana tunakuwa majivu! Wanaupenda weupe, ndiyo, na ugomvi wangu nao katika hilo haujesha. Lakini ufundi wenyewe ulikuwa ni wa mtu kujianzia nafsi yake, na ufundi huo hata mtu mweusi wa Aija anaweza kuuchukua.

"Sasa huo umajimaji unaoutaka wewe," bibi akasema baada ya kunisikiliza nikihema, "unataka kuutoa kwenye chupa ya dukani, na mie niko hai?"

Nilikaa chini. Singo! Nilikuwa nikimwona bibi akisinga wari wa watu tangu nina meno ya utoto, na halikunijia hata siku moja. Asumini, mawaridi, liwa, mpompia, vyote vinatwangwa, vinapakwa, vinasuguliwa mpaka ngozi inakuwa laini na kumeta kwa ndani. Wakorea wanafanya hayo kwenye chupa kumi zilizopangwa, na bibi kwenye bakuli moja. Nikamwambia hivyo, akanijibu kwamba alikuwa akijua tangu mwanzo kuwa Wakorea si wajinga. Kiongozi wa Wachina! Nilimbusu kichwani.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa furaha isiyo na kifani. Nikileta maji ya mawaridi ya mlimani kutoka Nizwa, bibi anasinga, jioni tunakutana kujadili nyusi. Za mdogo wangu zilikuwa nene na zimenyooka kwa asili, za Kikorea hasa, basi tukasema zisiguswe. Bibi, ambaye siku zote alisema kunyoa nyusi ni haramu, alishinda ubishi wake bila kutoka jasho. Mdomo nilimwachia Mchina. Kwenye uso mweusi ule rangi ya fursadi ilikuwa inapotea, na wekundu uliochorwa mipaka ulisimama kama umeitwa jina. Jicho hatukumpa Mkorea wala Mchina. Bibi alimtia wanja wake wa zamani kwa mkono wake mwenyewe. Mdogo wangu akajitazama kwenye kioo muda mrefu.

"Uso yangu hii," akasema.

"Uso wangu huu," bibi akamsahihisha, na huku machozi yanamlenga.

Likizo ya nusu mwaka ikafika, na harusi ndani yake. Jumatano moja nilikwenda Ibra kwenye soko la wanawake kutafuta udi, nikakutana uso kwa uso na mamkwe kati ya vitambaa.

"Mwalimu! Nimeshabuku saluni ile ile," akaniambia kabla sijamaliza shikamoo. "Mekapu fulu, kama ya milka. Hapa Ibra mpaka leo wanaizungumza."

"Mama, mdogo wangu alikuwa anapenda apambwe na sisi. Kidogo tu."

Akanishika mkono. "Mwanangu, usinielewe vibaya. Sisi tuliotoka bara, hapa tulichelewa kuhesabiwa watu. Bibi harusi wangu akija na uso wa kila siku, watasema hatukumjali, tumemchukua hivi hivi. Hapana. Nataka aheshimiwe." Na alisema kwa mapenzi, hilo ndilo lililonikata maini. Ningeweza kugombana na mtu mbaya, tena naweza sana. Na huyu je?

Nilimpelekea mdogo wangu maneno hayo kama yalivyo. Alifikiri kidogo. "Usimwambie kitu," akasema. "Nitamwambia mwenyewe, siku ile ile, uso wangu ukiwa mbele yake."

Siku ya harusi wasichana wawili wa saluni walikuja kwenye chumba cha nyuma ya ukumbi na masanduku yao. Mdogo wangu akawashukuru vizuri, akawaomba wawapambe binamu zetu, nao binamu hawakusita. Mimi na bibi tukafunga mlango wa chumba cha pili. Sijapata kufanya kazi nikiwa na raha na hofu vimekaa pamoja namna ile. Ngozi ya singo ilikuwa ikiniteleza mkononi. Nyusi zake. Mdomo ule mwekundu. Nilipomaliza, bibi alisoma dua, akampulizia, akasema hajapata kuona bibi harusi kama huyu Unguja wala Sur, kisha akaniambia nimepindisha mdomo kidogo kushoto. Nilikuwa nimepindisha kweli.

Ukumbini taa zikazimwa, ikabaki moja ya kumfuata bibi harusi, na mashine ya moshi ikaanza kukohoa, ndiyo iliyokuwa fasheni. Mdogo wangu akatembea kutoka mlangoni. Vigelegele vilianza vikubwa, vikapungua, nikasikia minong'ono ikipita meza kwa meza. Hawajampamba? Huyo ndiye? Alikuwa mzuri, Mola wangu, alikuwa mzuri hata nikataka kumpiga mtu! Alifika kwenye kosha, akakaa, akanyoosha shingo.

Mamkwe alipanda ngazi haraka, tabasamu limemganda. Nilikuwa nimesimama pembeni nikishika mkia wa gauni, na nikauona uso wake ukibadilika.

"Saluni hawakuja?"

"Shikamoo, mama. Walikuja. Niliwakatalia mie."

"Kwa nini, mwanangu? Watu wote hawa!"

Mdogo wangu hakushusha sauti. "Kwa sababu ulipokuja kwetu nilikufungulia mlango, ukaniambia nikuitie bibi harusi. Mimi ndiye nitakayekaa na wewe, mama. Nilitaka leo unijue."

Mamkwe alimtazama kuanzia nyusi mpaka kidevu, polepole, na mimi nilibana lile gauni mpaka vidole vikaniuma. Niliwaza kuwa ataondoka. Niliwaza nikimrudisha mdogo wangu Sur kwenye gari langu, na gauni lake, na singo yake yote.

"Siku ile niliyokuja kwenu," mamkwe akasema mwishowe, na sauti yake kubwa ilikuwa imekwenda wapi sijui, "nililia njia nzima mpaka hapa Ibra. Nikajipa moyo kuwa hukuweka kitu moyoni."

"Niliweka, mama."

"Najua. Sasa najua."

Akageuka kwa msichana aliyekuwa akishughulikia taa. "Washa taa!" Na sasa sauti ilikuwa imerudi yote. "Zote! Kullhin! Zima na huo moshi!" Taa za darini zikawaka kwa mpigo, ukumbi mzima ukajaa mwanga mweupe, na wanawake mia na kitu waliopambwa kwa ajili ya giza wakaanza kushika mashavu yao na kutafuta shela. Mamkwe hakuwaangalia. Alimshika mdogo wangu mkono, akamwinua kwenye kosha, jambo ambalo halifanywi, maana bibi harusi hukaa pale kama picha mpaka bwana harusi aingie. Akamshusha ngazi, mimi nyuma yao na mkia wa gauni, bibi yangu anapiga kigelegele kikavu cha kizee kutoka meza ya mbele. Wakaenda meza ya kwanza, wakaenda ya pili, na kila penye watu mamkwe alisimama, akamgeuzia mdogo wangu kidevu kwenye mwanga, akasema maneno yale yale kwa Kiswahili na kisha kwa Kiarabu:

"Huyu ndiye mkwe wangu. Mtazameni uso wake vizuri, kesho mkikutana naye njiani msije mkampita."